Kuanguka kwa Edsel: Kampuni ya Ford na Soko la Magari la Marekani, 1955–1959

Miongoni mwa magari yaliyoundwa Marekani katika karne ya 20, ni machache yaliyoandikiwa mengi kama Edsel, gari ambalo Kampuni ya Ford ililizindua tarehe 4 Septemba 1957 na kutangaza kulisitisha tarehe 19 Novemba 1959, baada ya miaka miwili na miezi michache tu sokoni. Gharama za kuliandaa zilitajwa kuwa dola milioni 250. Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuanguka kwake hukomea kwenye sura yake ya mbele, ambayo wabezaji waliifananisha na kola ya farasi wa kukokota, na kwenye jina lake, ambalo wanunuzi wengi waliliona halina mvuto. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanarahisisha mno jambo lenye mizizi mirefu zaidi. Edsel iliharibikiwa kabla mchoro wake haujakamilika, pale kampuni ilipoichukua haja yake yenyewe ya kujaza pengo katika orodha ya bidhaa zake na kuidhania kuwa ni haja ya mnunuzi, kisha ikaagiza utafiti na matangazo ya kuupamba uamuzi ambao ndani ya ofisi zake hakuna aliyekuwa tayari tena kuuhoji.

Pengo lenyewe lilitokana na namna biashara ya magari ilivyopangwa Marekani tangu miaka ya 1920. Henry Ford alikuwa amejenga utajiri wake kwa gari moja la bei nafuu, Model T, ambalo lilibaki bila mabadiliko makubwa kwa karibu miaka 20, ilhali mshindani wake mkuu, General Motors, chini ya uongozi wa Alfred P. Sloan, ilizipanga chapa zake kwa ngazi za bei, kuanzia Chevrolet kwa mnunuzi wa kipato kidogo, kupanda hadi Pontiac, Oldsmobile na Buick, na kuishia kwa Cadillac ya matajiri. Mpango huo ulikuwa na hesabu nzuri ndani yake, kwa kuwa mfanyakazi aliyenunua Chevrolet akiwa kijana, kisha akapandishwa cheo na kuhamia mtaa wa watu wenye uwezo, alikuta ndani ya kampuni ileile gari jingine la kuonyesha kwamba ameinuka, na kila alipobadilisha gari fedha zake zilibaki humohumo. Ford, kwa upande wake, ilikuwa na magari ya Ford kwa watu wa kawaida, Lincoln, iliyonunuliwa mwaka 1922, kwa watu wa tabaka la juu, na kati yao, tangu mwishoni mwa mwaka 1938, Mercury peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia takwimu zilionyesha jambo lililowauma wakuu wa kampuni: mwenye gari la Ford alipotaka kupanda ngazi, mara nyingi hakwenda Mercury bali alihamia kwenye chapa za kati za General Motors, na hivyo Ford ikawa inamlelea mshindani wake wateja.

Henry Ford II, mjukuu wa mwanzilishi, aliishika kampuni mwezi Septemba 1945 akiwa bado kijana, akaikuta haina hata hesabu za kuaminika. Aliajiri kundi la maofisa 10 waliotoka Jeshi la Anga, waliobobea katika kusimamia shughuli kwa takwimu, mmoja wao akiwa Robert McNamara, na mwaka 1946 akamleta Ernest Breech, meneja mzoefu aliyekomaa kikazi ndani ya General Motors. Watu hao waliiponya kampuni, na si haki kuisimulia Edsel kana kwamba ilikuwa kazi ya wajinga. Wazo la chapa nyingine ya bei ya kati lilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, likaahirishwa wakati wa Vita vya Korea, na likarudi kwa nguvu mwaka 1955, mwaka ambao Wamarekani walinunua magari mapya zaidi ya milioni 7, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake. Mwezi Aprili mwaka huo idhini ilitolewa, na idara mpya iliyoitwa Idara ya Bidhaa Maalumu ikawekwa chini ya Richard Krafve. Januari 1956 hisa za Ford ziliuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, hisa milioni 10.2 kwa dola 64.50 kila moja, na kampuni iliyokuwa ya familia ikawa na wamiliki wengi wapya waliotarajia kuiona ikikua haraka.

Ni muhimu kuzishika tarehe hizo, kwa sababu gari jipya la wakati huo lilihitaji zaidi ya miaka miwili kutoka kwenye idhini hadi kwenye shoorumu, yaani ukumbi ambamo wakala wa mauzo huyaonyesha magari mapya kwa wateja. Waliotoa idhini walilisoma soko la mwaka 1955, mwaka wa neema, wakati ambapo magari ya bei ya kati yalikuwa yakiuzwa vizuri kuliko wakati wowote. Hakuna kifungu katika mpango huo kilichouliza kitakachotokea iwapo soko hilo lingegeuka kabla gari halijafika.

Historia ya viwanda vya Marekani ilikuwa tayari na onyo lake. Mwaka 1934 kampuni ya Chrysler ilileta Airflow, gari ambalo mhandisi Carl Breer na wenzake walilichonga kwa kufuata majaribio ya handaki la upepo, chumba kinachopulizwa hewa ili kupima inavyopita juu ya umbo la gari. Kiufundi lilikuwa gari la maana sana, lakini lilionyeshwa hadharani kabla kiwanda hakijawa tayari kulitoa kwa wingi, magari ya mwanzo yakawafikia wanunuzi yakiwa na kasoro, na pua yake ya mviringo ikawatisha waliozoea boneti ndefu iliyosimama. Liliachwa baada ya mwaka 1937. Viwanda vilichukua kutoka kwa Airflow funzo moja, la kuogopa kuwatangulia wateja, na kuliacha la pili lililokuwa zito zaidi, kwamba gari likitoka kabla kiwanda hakijawa tayari, sifa yake huharibika kabla wema wake haujajulikana.

Kazi ya kulibuni gari jipya alikabidhiwa Roy Brown, Mkanada kwa kuzaliwa, ambaye agizo alilopewa lilikuwa kulipa gari hilo sura itakayotambulika papo hapo kutoka upande wowote. Brown na wenzake waliyachunguza magari ya chapa 19 zilizokuwa barabarani wakagundua kwamba kwa umbali kidogo tu yalikaribia kufanana, kwa kuwa karibu yote yalikuwa na grili ya kulala, yaani ule wavu wa mbele unaopitisha hewa hadi kwenye rejeta, ambao mafundi wengi wa gereji huuita shoo. Jibu lao lilikuwa kuisimamisha grili, kama ilivyokuwa kwa magari ya kifahari ya zamani, ili mstari mwembamba wa wima uligawe uso wa gari katikati. Katika mchoro wa mwanzo mstari huo ulikuwa mwembamba kwelikweli na wenye heshima. Wahandisi wa upoozaji wa injini walikataa, wakisema kwamba hewa itakayopita hapo haitaitosha injini kubwa iliyokusudiwa, na grili ikapanuliwa ikawa pete ndefu iliyo wazi katikati. Upana huo, uliotoka kwenye hesabu za rejeta zaidi kuliko kwenye kalamu ya msanii, ndio uliozaa dhihaka zote zilizofuata. Sanamu ya udongo yenye ukubwa kamili wa gari ilionyeshwa kwa wakuu wa kampuni tarehe 15 Agosti 1955. Inasimuliwa kwamba pazia lilipofunguliwa ukimya ulitanda kwa dakika nzima, kisha wakapiga makofi. Kutoka siku hiyo sura ya gari haikujadiliwa tena kwa dhati.

Utafiti wa soko ulifanyika, na ulifanyika kwa gharama kubwa. David Wallace, aliyesimamia utafiti katika idara hiyo, aliwatumia watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia kuwahoji wanunuzi 800 wa magari katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, na wengine 800 San Bernardino, jimbo la California, akilenga kujua haiba ambazo watu walizihusisha na kila chapa. Majibu yalivutia. Ford ilionekana gari la kiume na la kasi, Buick ikahusishwa na mwanamke wa makamo, Mercury na vijana wapenda mbio, na kutokana na hayo ikapendekezwa kwamba gari jipya liwe la familia changa ya mwenye taaluma au meneja anayepanda ngazi. Hata hivyo, wahojiwa hawakuulizwa swali lililokuwa na uzito kuliko mengine yote, kama kweli walihitaji gari jingine la aina hiyo na kwa bei ipi wangeliacha lile walilonalo. Utafiti unaoanza baada ya idhini kutolewa hauna uwezo wa kuizuia. Kazi unayobakiwa nayo ni kuuvisha uamuzi lugha ya kitaalamu, na hata lugha hiyo, katika kisa hiki, haikuathiri sana umbo la gari lililotoka kiwandani.

Suala la jina linaeleweka vizuri zaidi likitazamwa ndani ya mwenendo huohuo. Wakala wa matangazo, Foote, Cone & Belding, aliendesha shindano miongoni mwa wafanyakazi wake wa New York, Chicago na London, akakusanya mapendekezo yapatayo 18,000, kisha akayachuja na kuwaletea wakuu wa Ford orodha ya majina 6,000 yaliyopangwa kwa herufi, wakati wao walichohitaji kilikuwa jina moja. Sambamba na hilo Robert Young wa idara ya utafiti aliandikiana barua na Marianne Moore, mshairi mashuhuri wa Marekani, naye akaleta majina ya kishairi ambayo hayakutumika, likiwamo "Utopian Turtletop". Barua hizo zilichapishwa katika jarida la New Yorker mwezi Aprili 1957, zikiwa ushahidi wa uungwana wa Moore na wa kampuni iliyotafuta kila mahali bila kujua inachokitafuta. Mwishowe Breech, akiongoza kikao ambacho Henry Ford II hakuwapo, aliyakataa majina yote yaliyoletwa na kuchagua Edsel, jina la marehemu baba yake Henry Ford II. Wana wa marehemu walikuwa wameshaonyesha mapema kwamba hawapendi kuona jina la baba yao likizunguka juu ya vifuniko vya magurudumu, lakini idhini yao ilipatikana, na tarehe 19 Novemba 1956 jina likatangazwa. Yale manne yaliyokuwa yamependwa zaidi katika uchujaji, Ranger, Pacer, Corsair na Citation, yakapewa madaraja manne ya gari hilo.

Mwanahistoria hana budi kusimama hapa kidogo kwa ajili ya mtu mwenyewe. Edsel Ford, aliyezaliwa mwaka 1893, alikuwa rais wa kampuni tangu 1919 hadi alipofariki kwa saratani ya tumbo mwaka 1943 akiwa na umri wa miaka 49, na kwa muda wote huo alifanya kazi chini ya kivuli cha baba asiyependa kushauriwa. Yeye ndiye aliyesukuma Model T iachwe na Model A ichukue nafasi yake, ndiye aliyeanzisha idara ya ubunifu wa sura za magari ndani ya Ford, na Lincoln Continental ya mwaka 1939, ambayo wajuzi wengi huihesabu miongoni mwa magari mazuri zaidi kuundwa Marekani, ilianza kama gari alilojiagizia mwenyewe. Kwamba jina la mtu aliyekuwa na jicho pevu kuliko wenzake wote katika kampuni hiyo linatajwa leo kama mfano wa bidhaa iliyoshindwa ni dhuluma, na dhuluma hiyo ilifanywa na watu waliodhani wanamheshimu.

Chini ya bodi, Edsel haikuwa gari jipya kwa kiasi kilichodaiwa. Ranger na Pacer zilijengwa juu ya umbile la magari ya Ford, Corsair na Citation juu ya lile la Mercury, na kampuni haikuipa chapa hiyo kiwanda chake. Edsel ziliunganishwa katika mistari ileile iliyounganisha Ford na Mercury, ambapo fundi aliyefunga vipuri vya gari moja mchana kutwa alilazimika, kila ilipopita Edsel, kugeukia sanduku jingine la vipuri, kufunga vitu asivyovizoea kwa muda uleule, na kurudi kwenye kazi yake ya kawaida. Wasimamizi wa viwanda hivyo walipimwa kwa idadi ya magari ya idara zao wenyewe, wala hawakuwa na sababu ya kuihangaikia Edsel. Matokeo yalikuwa milango isiyofunga sawasawa, buti zisizofunguka, mafuta yanayovuja na rangi mbovu, na baadhi ya magari yaliwafikia mawakala yakiwa na karatasi kwenye usukani iliyoorodhesha vipuri vilivyokosekana.

Mitambo iliyotangazwa kuwa ya kisasa ilizidisha taabu. Kitufe cha gia, kilichoitwa Teletouch, kilikuwa kitovuni mwa usukani, ambapo dereva alibonyeza alama ya kwenda mbele, kurudi nyuma au kuegesha, na injini ndogo ya umeme iliyo chini ya gari ikatekeleza amri hiyo kwenye giaboksi ya otomatiki. Wazo lilikuwa zuri mezani. Barabarani, mkono wa dereva wa Marekani ulikuwa umezoea kuikuta honi mahali pale pale, hivyo aliyeshtuka na kutaka kupiga honi aliweza kujikuta anabonyeza gia, na injini hiyo ndogo ya umeme ilipopata hitilafu mafundi wengi hawakujua waanzie wapi. Kwenye steshenwagoni za mwaka wa kwanza taa za nyuma zilichongwa kama mshale uliopinda, na kwa namna zilivyopangwa, indiketa ya kushoto ilipowaka aliyekuwa nyuma aliona kama mshale unaoelekeza kulia, na ya kulia ikaelekeza kushoto. Kosa hilo la taa linasema mengi kuhusu mradi mzima, maana lingeweza kuonwa na yeyote ambaye angesimama nyuma ya gari jioni moja na kumwomba mwenzake awashe indiketa. Sura ilikuwa imeshapitishwa, na aliyekuwa na jukumu la kusimama hapo hakuwapo.

Wakati huohuo matangazo yalikuwa yakiahidi gari lisilo na mfano. Tangu majira ya joto ya mwaka 1957 magazeti yalionyesha picha za gari lisilotambulika likipita kasi barabarani, au umbo lililofunikwa turubai, huku wasomaji wakiambiwa wasubiri. Studio ya ubunifu ililindwa kwa kufuli ambazo zingeweza kubadilishwa kwa robo saa ikiwa ufunguo ungepotea, na kila siri iliyotunzwa iliongeza hamu ya umma. C. Gayle Warnock, aliyesimamia uhusiano na umma, aliifanya kazi yake kwa ustadi uliozidi uwezo wa gari lenyewe. Mwishoni mwa Agosti waandishi wa habari walialikwa Detroit, na zaidi ya 70 kati yao wakapewa Edsel za kuendesha hadi miji yao, magari ambayo yalikuwa yamekaguliwa na kutengenezwa moja moja kwa gharama kubwa mno ili yasiaibishe. Hata hivyo, moja lilipoteza sampu ya oili na injini yake ikakwama, na jingine breki ziligoma. Gari ambalo halikuweza kuvumilia safari moja baada ya maandalizi hayo lilikuwa limeshatoa taarifa yake.

Siku ya uzinduzi, kwa hesabu za kampuni, watu karibu milioni 3 waliingia kwenye shoorumu za mawakala zaidi ya 1,100, na magari yapatayo 6,500 yaliagizwa au kuuzwa. Idadi ya kwanza ilishangiliwa kuliko ya pili ilivyochunguzwa. Watu walikuja kutazama kitu ambacho hakijawahi kuonekana, wakaona gari la Marekani la mwaka 1958 lenye pua ya ajabu, wakarudi nyumbani. Lengo lilikuwa kuuza Edsel 200,000 katika mwaka wa kwanza, lililohitaji mauzo ya magari kati ya 600 na 700 kila siku ya kazi, lakini katika siku 10 za mwanzo wa Oktoba ziliuzwa 2,751 tu. Tarehe 13 Oktoba kituo cha televisheni cha CBS kilirusha kipindi kilichogharimiwa na Edsel, kikiwashirikisha Bing Crosby, Frank Sinatra na Louis Armstrong, kikapendwa sana na watazamaji, na mauzo hayakubadilika.

Hali ya soko iliyokuwapo wakati huo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maelezo, ingawa si udhuru. Gari lilizinduliwa Septemba, kabla ya washindani kuonyesha magari yao ya mwaka 1958, kwa hiyo bei yake mpya iliwekwa sambamba na bei za magari ya mwaka 1957 ambayo mawakala jirani walikuwa wakiyapunguzia bei ili kuyamaliza. Bei zenyewe, kuanzia karibu dola 2,500 kwa Ranger ya chini hadi karibu 3,800 kwa Citation ya paa la kukunja, ziliingia ndani ya bei za Ford za juu kwa upande mmoja na za Mercury kwa upande mwingine, na mnunuzi hakuweza kuelezwa kwa sentensi moja ngazi ambayo gari hilo limekaa. Mdororo wa uchumi, yaani kipindi ambacho uzalishaji na ajira hushuka kwa miezi mfululizo, ulikuwa umeanza Agosti 1957 na kuendelea hadi Aprili 1958, na magari ya bei ya kati ndiyo yaliyoumia zaidi kwa kuwa mwenye kipato cha kati ndiye anayeweza kuahirisha kubadilisha gari. Wanunuzi waliobaki walianza kutazama magari madogo yasiyokunywa mafuta mengi, Rambler ya American Motors na Volkswagen kutoka Ujerumani. Hata chapa zenye majina ya miaka mingi hazikusalimika: DeSoto ya Chrysler, iliyokuwa katika ngazi ileile ya bei, ilifutwa mwishoni mwa mwaka 1960, na Packard haikuuvuka mwaka 1958.

Waliolipa gharama ya kuanguka huko bila kuwa na sauti yoyote katika uamuzi walikuwa mawakala. Wengi wao walikuwa wameacha chapa zilizokuwa zikiwalisha ili waishike Edsel, wakakopa, wakajenga shoorumu kubwa na kuajiri mafundi kwa kuliamini jina la Ford, na katika miezi michache walijikuta na yadi iliyojaa magari yasiyonunulika. Ili kuwavuta wateja, kampuni ilinunua farasi wadogo 1,000 wa kushindaniwa na watoto ambao wazazi wao wangekuja kulijaribu gari. Inasimuliwa kwamba washindi wengi waliomba fedha badala ya farasi, na wanyama wengi wakarudishwa Detroit. Historia nyingi za Edsel huitaja habari hiyo kwa kuchekesha. Kwa wakala aliyekuwa akihesabu riba ya mkopo wake haikuwa na la kuchekesha hata kidogo.

Edsel za modeli ya mwaka 1958 zilizotengenezwa Marekani zilifika 63,110, za mwaka 1959 zikawa 44,891, na za mwaka 1960, ambazo zilikuwa zimeondolewa grili ya wima na Teletouch, zikaishia 2,846. McNamara, ambaye kufikia wakati wa uzinduzi alikuwa akisimamia shughuli zote za magari ya kampuni na hakuwahi kuuamini mradi huo, aliiunganisha idara ya Edsel na zile za Mercury na Lincoln mwezi Januari 1958, akapunguza matumizi yake, na kuelekeza nguvu kwenye Falcon, gari dogo la bei nafuu lililotoka mwishoni mwa mwaka 1959 na kuuzwa zaidi ya 400,000 katika mwaka wake wa kwanza. Gari jingine dogo lililokusudiwa kuwa Edsel, Comet, lilitoka mwaka 1960 kupitia mawakala wa Lincoln na Mercury bila chapa ya Edsel, na likauzwa vizuri. Hapo upo ushahidi ulio wazi kwamba ndani ya kampuni ileile, na karibu kwa watu walewale, ujuzi wa kutengeneza gari linalohitajika haukuwahi kukosekana.

Mustang ya mwaka 1964 inathibitisha jambo hilohilo kwa nguvu zaidi. Ilitoka tarehe 17 Aprili kwa bei ya kuanzia dola 2,368, ikiwa imejengwa kwa vipuri vingi vya Falcon kama vile Edsel ilivyojengwa kwa vipuri vya Ford na Mercury, na matangazo yake hayakuwa madogo kuliko ya Edsel. Tofauti yake ilikuwa pale ilipoanzia, kwa kuwa Lee Iacocca wa Ford na wenzake walianza na vijana waliozaliwa baada ya vita, ambao idadi yao na umri wao vilijulikana, wakauliza watu hao wangeweza kulipa kiasi gani na kwa gari la namna gani, kisha wakalitengeneza gari kwa kipimo hicho. Zaidi ya 400,000 ziliuzwa katika miezi 12 ya kwanza.

Anayetaka kuupima uzito wa lawama aliyobebeshwa Roy Brown kwa ajili ya grili yake atazame yaliyofuata. Kampuni ilimhamishia Uingereza, hatua ambayo wengi waliichukulia kama adhabu, na huko akapewa kulichora gari la familia ambalo Terence Beckett, aliyeongoza upangaji wa bidhaa, alikuwa amelipangia tangu mwanzo gharama na uzito wa kila kipande kwa kufuata mkoba wa familia ya kawaida ya Uingereza. Gari hilo, Cortina, lilizinduliwa Septemba 1962 likiwa na injini ya lita 1.2 na taa za nyuma za duara zilizogawanywa mapande matatu, na modeli yake ya kwanza peke yake ilitengenezwa karibu milioni moja hadi mwaka 1966. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kulikumbuka: wakati wa Pasaka ya mwaka 1964 mashindano ya East African Safari, yaliyoendeshwa kwenye matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika, yalimalizika kwa ushindi wa Peter Hughes na Billy Young wakiwa ndani ya Ford Cortina GT, gari lililochorwa na mkono uleule ulioichora Edsel.